Maswali ya Papa Aimé

Jumanne, 4 Machi

Shule, basi, nyumbani, wali na maharage. Joel kalala kwenye sofa na viatu miguuni. Naandika Kiswahili kwa sababu mdogo wangu huyu anakielewa lakini hawezi kukisoma, na hakuna kitu changu asichokifungua.

Mwalimu wa somo la habari anataka kila mtu alete ripoti ya sauti kabla ya Pasaka. Nusu ya darasa watafanya ya takataka zilizorundikana mitaani. Mimi na rafiki yangu Hodan tuna kubwa zaidi. Papa Aimé, baba mmoja aliyeanza kuja kanisani kwetu mwezi wa kwanza, anatengeneza kipindi cha redio: wazazi wetu walivyofika Birmingham kutoka Kongo. Anatufundisha kurekodi. Hodan si wa kanisa, ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, lakini ana sauti ya redio kabisa. Papa Aimé amemwahidi kuwa yeye ndiye atakayefungua kipindi. Tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyekwisha ajiriwa.

Mimi natafuta njia ya kuingia kwenye kazi hii ya uandishi wa habari tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kuona mlango ukifunguka hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumemrekodi Mama. Jikoni, friji imezimwa ili isingurume. Mama hakutaka, nilimbembeleza mpaka akachoka.

Hodan alishika kinasa sauti. Amefunga Ramadhani, midomo mikavu, hakulalamika. Mama alieleza vizuri: vita Uvira, ziwa, kambi ya Kigoma nilikozaliwa, ndege. Halafu Papa Aimé akamuuliza, kabla ya karatasi za hapa, jina lake lilikuwa nani.

Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema: Nyota. Kwenye karatasi ni Espérance.

Akamuuliza alivuka ziwa na nani. Na watu. Watu gani? Watu tu.

Papa Aimé alipoondoka, Mama aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari.

"Ule papa anaulizaka sana," akasema. "Kule kambini, mutu wa maswali mingi alikuwa mupelelezi."

Nikamwambia kuuliza ndiyo kazi yetu. Nilimjibu kwa ukali. Sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Papa Aimé haimbi. Anatazama nyuso, safu kwa safu. Baada ya ibada alimfuata mama mmoja mgeni kutoka Coventry, akamuuliza kijiji chake kabla hata hajamuuliza habari.

Simwamini. Basi, nimeliandika. Simwamini.

Jumatano, 12 Machi

Papa Aimé alitutajia redio itakayorusha kipindi. Niliwaandikia. Leo wamejibu kwa adabu zote: hawamjui, na hawana kipindi kama hicho.

Nilimwonyesha Hodan maktabani, anakojificha na harufu za chakula cha mchana. Alisoma, akanirudishia simu.

"Acha wivu, Riziki. Ni vile tu si wewe utaskika."

Akabeba mkoba wake, akaondoka.

Nina wivu? Kidogo, ndiyo. Lakini jibu la redio sikulitunga mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Siwezi kutulia. Jina la Mama liko kwenye kifaa cha mtu nisiyemjua, na mimi ndiye niliyemkalisha kwenye kiti. Ombi lake la uraia bado halijajibiwa. Kama huyu mtu anapeleka majina serikalini? Kama katumwa na watu wa kule nyumbani? Wakongo hufuatwa hata wakiwa mbali.

Mama anaimba huku akikaanga ndizi. Sijamwambia kitu. Ninaogopa, na ninajichukia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda mtaa wa Digbeth peke yangu. Studio aliyotuambia ni yake iko juu ya ghala la zamani lenye kuta za rangi. Si yake. Dada wa mapokezi alisema vyumba vinakodishwa kwa saa. Anamfahamu, mtu mpole. Huja, hufunga mlango, husikiliza sauti za watu. Hakati wala haunganishi. Husikiliza tu, mara nyingine sehemu ileile, tena na tena.

Nilirudi kituo cha basi karibu nikimbie.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetoroka somo la Kiingereza. Nimesikiliza nakala zetu zote, za Mama na za watu wa kanisani tuliowarekodi, kwenye kompyuta ya shule.

Safari ya ndege Papa Aimé anairuka. Uingereza anaipita mbio. Akifika ziwani anasimama. Mlivuka lini? Na nani? Kulikuwa na msichana peke yake? Kwa Mama Faida anauliza: mwenye kovu shavuni? Kwa Mzee Bahati: labda alibadilisha jina?

Mwandishi anataka kujua kilichotokea. Huyu anataka kujua alipo mtu. Kuna msichana anawindwa, na sisi wawili ndio tumemfungulia milango ya watu.

Nilimtumia Hodan vile vipande bila maelezo. Baadaye akajibu: "Nimeskia. Twende pamoja."

Jumamosi, 22 Machi

Tulimkuta ukumbini kanisani mchana, akipanga viti. Mlango tuliuacha wazi makusudi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Hodan akanitangulia kwa sauti yake ya redio.

"Papa Aimé, huyo msichana alikukosea nini?"

Alikaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. Nilidhani anatafuta uongo.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Sifa."

Walipotezana ufukweni siku ya kukimbia. Yeye alisukumwa kwenye mtumbwi mmoja, Sifa akabaki kwenye umati. Alikuwa na miaka kumi na minne. Amezunguka kambi mbili, ameandikia mashirika, hakuna. Hakuna redio, hakuna kipindi. Anasafisha treni, kwenye karakana ya Tyseley. Aligundua kwamba ukiwauliza watu juu ya mtu aliyepotea wanafunga mdomo, lakini ukiwaambia ni redio wanakaa, wanaongea.

"Ungetuambia," nikasema.

"Mungekuja?"

Hodan alikuwa analia, kwa huruma au kwa hasira ya kipindi chake, sijui. Mimi sikulia. Mtu anaweza kusema mdogo wangu. Maneno ni rahisi. Mwindaji naye angesema hivyohivyo.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Mama yote, pamoja na barua ya redio niliyomficha. Nilitegemea anifokee. Alizima jiko, akakaa.

"Nilimudanganya ule papa," akasema. "Sifa ninamujua."

Waliishi hema moja Kigoma, kama dada. Nilipozaliwa, Sifa ndiye aliyenibeba Mama akiwa mgonjwa. Lakini kuna mwanamume aliyemfanyia vibaya njiani, na Sifa alimwapisha Mama: jina lake asimpe mwanamume yeyote, hata akisema ni ndugu.

Mama ameweka kiapo hicho muda wote huu. Na mimi nilimletea kinasa sauti.

Jumamosi, 29 Machi

Mama alisema Papa Aimé aje, safari hii aulizwe yeye. Mimi na Hodan turuhusiwe kukaa, simu zibaki sebuleni. Joel alipelekwa kwa jirani.

Alimkalisha Papa Aimé kwenye kiti kilekile alichokalia yeye. Hakumpa chai. Akaanza. Mama yenu aliuza nini? Samaki wakavu. Nyumba yenu ilitazama wapi? Mlimani, ziwa lilikuwa nyuma. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo, taratibu, bila kusaidia jibu.

"Lile kovu lilitoka wapi?"

Papa Aimé alitazama meza. Akasema walikuwa wadogo, wanagombania ukoko wa wali. Yeye alivuta sufuria, Sifa hakuachia, akaangukia figa la moto. Na ukoko hakuuachia.

Mama alifunika uso. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia. Sifa aliwasimulia watu wa kambi hadithi hiyo kila walipopikiwa wali wa mgao.

Ndipo akamwambia. Sifa aliolewa na fundi cherehani, mtu mwema, wakaelekea Zambia. Alituma salamu mara moja, kupitia mwanamke mmoja ambaye sasa yuko Lusaka. Mama ana namba ya huyo mwanamke. Hajui kama bado inafanya kazi. Ataanza kumpigia yeye mwenyewe, na Sifa ndiye atakayesema kama anataka kutafutwa.

Papa Aimé alikubali. Hakuomba namba. Aliuliza kitu kimoja.

"Alikuwa anachekaka?"

"Alikuwa anachekesha kambi yote," Mama akasema. Akasimama kuweka chai.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kidogo. Mimi na Hodan tumemaliza kuzunguka nyumba za wote tuliowarekodi. Papa Aimé alikuwa mbele, akaomba radhi kwa kila mmoja. Mama Faida alimpa maneno makali, halali yake, akataka sauti yake ifutwe mbele ya macho yake. Tukaifuta. Mzee Bahati alisema ya kwake ibaki, wajukuu wake hawajawahi kumuuliza chochote.

Lusaka simu inaita, haipokelewi. Mama anapiga kila akitoka kazini.

Hodan kaleta sambusa zilizobaki za Idi. Bado ananidai pole ya wivu, na mimi namdai yake. Tumekula zote.

Ripoti ya shule tumefanya ya takataka, kama wengine. Mwalimu ameisifu sauti ya Hodan.

Jioni Mama aliniita jikoni, akanisimulia alivyovuka ziwa. Mwanzo mpaka mwisho, na watu aliovuka nao, jina kwa jina. Sikuuliza swali hata moja.

Hadithi yake sitaiandika hapa.