Marehemu Alisema Hapa Hakuna Dirisha

Baba Zuhura,

Zamani, ulipokuwa Kinole na mimi niko mjini kwa shangazi, barua zako zote zilianza na "hofu na mashaka ni juu yako." Leo nashindwa nianzie wapi. Hofu juu yako sina. Nilikaa mlangoni nikaona jeneza likitoka, na hali yako sasa anaijua Mungu peke yake. Mimi mzima, Zuhura mzima, cherehani nzima, na nyumba imeezekwa.

Nilitaka ulisikie hilo kwanza. Imeezekwa kwa bati la bluu, rangi uliyoitaka wewe na mimi nikaipinga mpaka ukanuna na kula kimya. Nimeiacha iwe bluu. Ukitokea barabarani unaiona kabla hujafika kwa muuza mkaa, na watu wa Kihonda sasa wanaelekezana kwayo, eti kata kushoto kwenye bati la bluu.

Sasa nikupe habari za fundi wako. Nasema wako kwa sababu mimi sikumchagua. Unakumbuka tulivyotafuta. Yule wa kwanza alikuonyesha picha za majumba kwenye simu, akasema yote kajenga yeye, na moja nyuma yake kulikuwa na theluji. Wa pili alisifiwa sana na jirani, akaja, hakukitazama kiwanja hata kidogo, akauliza tu chakula cha mchana kitatoka kwa nani. Kisha akaja Maganga. Alisimama pale kwenye majani, akakupima kwa macho toka juu mpaka chini, akakuuliza: "We Mluguru, kwenye tambarare utalala vipi? Si utabingirika usiku kucha ukitafuta mteremko?"

Ulicheka ukashika mti wa uzio. Ukamuuliza kwao wapi, akasema Tabora, Mnyamwezi, mtani wa Waluguru tangu mababu, na hapo ukawa umepona. Ukamwambia babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka pwani, kwa hiyo tofali haziwezi kumshinda. Ulirudi nyumbani unang'aa uso, ukaniambia, "Nimepata fundi." Nikakuuliza kama umeiona nyumba yoyote aliyoijenga. Ukajibu, "Ni mtani wangu." Nilikuwa nashona, sindano ikakatikia kwenye kitambaa cha mteja. Mtu anatumwa kutafuta fundi anarudi na mtani!

Siwezi kumsingizia, kazi anaijua. Ila kazi yake ilikwenda kwa matusi yako. Kila jioni ukishafunga meza yako ya viungo na mananasi sokoni ulipitia kiwanjani, na mdalasini bado unanukia kwenye shati. Hukumsalimia mtu. Ulianza tu kwa mbali: "Mnyamwezi, huo ukuta umelewa au umelewa wewe?" Naye alifoka, akatundika timazi, akagundua kweli umelala kidogo, akazitoa tofali na kuzipanga upya huku akiutukana ukoo wenu mzima. Mimi niliona mnapoteza muda. Mafundi nawajua, maana na mimi ni fundi. "Njoo Ijumaa" nimeitamka mwenyewe kwa watu ambao vitambaa vyao hata mkasi haujavigusa. Niliamini fundi akichekewa sana, kazi inalala.

Kisha ukaanguka sokoni, katikati ya mananasi yako. Walisema presha. Siku ile kuta zilikuwa usawa wa kiuno.

Hayo ya mazishi sitayarudia, ila moja lazima nikwambie kwa sababu ndiyo barua yenyewe. Matanga yalikuwa Kinole, kwenu. Maganga alikuja na wenzake wote wa kiwanjani. Watu wamekaa kwenye mikeka, vilio vimechoka, mara yeye, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, akaingia chumbani kwa dada yako Mwanahawa bila kuuliza, akatoka amevaa lile koti lako la kaki na kofia yako, mkono mmoja nyuma, kichwa kimelala upande. Baba Zuhura, ulikuwa wewe. Shehe alianza kukohoa, mwishowe akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Maganga akachukua kijiti, akachora nyumba yetu uani kwenye udongo, akawa anaizunguka kwa mwendo wako ule wa kuhesabu makosa ya watu. Akafika upande wa mlimani, akasimama, akapaza sauti yako: "We Mnyamwezi! Hapa niachie dirisha kubwa. Niione mvua ikitoka kwetu, nimwambie mke wangu aanue nguo!"

Uwanja mzima ulicheka. Nilikuwa mlangoni nimejifunika, na mimi nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia kilio, Mwanahawa akanishika. Hiyo "anua" uliipigia kelele miaka yote tuliyoishi pamoja. Kwenye chumba chetu cha kupanga dirisha linatazama ukuta wa choo cha jirani, mvua inatukuta kila mara kama polisi. Ulikuwa unatoka nje na kijiko mkononi, unautazama mlima, unarudi unapiga kelele: "Mama Zuhura, anua!" Nilikwambia kutoka Kihonda Kinole haionekani, iko nyuma ya mlima huko. Ukasema Kinole haionekani, lakini mawingu yake unayajua kwa sura. Ukaniahidi nyumba yetu itakuwa na dirisha upande ule, na kitanda tutakiweka chini yake. Katika nyumba nzima hicho ndicho kitu kimoja nilichokuomba.

Nikaingia eda chumbani kwetu Kihonda, Mwanahawa akaja kukaa na mimi. Kiwanjani sikukanyaga, na Maganga hakuonana na mimi. Alikuwa anakuja mlangoni kwa heshima zote, anamwambia Mwanahawa, Mwanahawa ananiletea. Na hapo ndipo maneno yakaanza. Stoo imepunguzwa, marehemu alisema. Mlango wa uani umehamia kushoto, marehemu alisema. Karo la jikoni liwe nje, marehemu alisema. Wewe ulipokuwa hai, ukiacha utani, maneno nilikuwa nakutoa kwa koleo. Ulipokufa ukawa msemaji!

Nilicheka mwanzoni. Mambo yenyewe yalikuwa madogo, na pengine mengine uliyasema kweli. Nilimwambia Mwanahawa, mwache, ana uchungu, anapenda kukutaja.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa, nikaenda. Boma limesimama, lenta, ule mkanda wa zege, imekwisha kumwagwa juu ya kuta zote, kazi safi. Nikaingia chumbani kwetu na kukuta giza. Upande wa mlimani ukuta umepanda mzima, tofali kwa tofali, toka chini mpaka kwenye lenta. Nikamwita. Akaja anafuta mikono kwenye suruali, hakunitazama. Akasema, "Shemeji, marehemu alisema hapa hakuna dirisha. Upepo wa mlimani mkali."

Niliupapasa ule ukuta, nikatoka. Mwanahawa, ambaye nilidhani atanisaidia, alinishika mkono tukiwa njiani akaniambia wifi yangu, wosia wa marehemu hauvunjwi. Na ni kweli, hata mimi ningemwambia mtu hivyo. Nilipofika nyumbani sikuulilia ukuta. Niliona inawezekana kweli ulisema. Pengine uliniahidi mimi dirisha ili nikunyamazie, kisha kwa mtani wako ukasema la moyoni. Basi nikaanza kukukagua. Nilipitisha kichwani kila ulichoniambia, kama ninavyopitisha mshono vidoleni kutafuta pale ulipoachia. Nilikuwa nimeshakuzika, Baba Zuhura, na sasa nilikuwa nakupoteza. Hilo liliniuma kuliko mazishi.

Nguo ndizo zilizoniokoa. Nilikuwa nimefua mashuka, nimeyatundika, nikaketi kwenye cherehani. Mvua ikaja kama kawaida yake, bila hodi. Nikatoka mbio, na katika kuyavuta yale mashuka yaliyolowa nikamsikia mtu anasema "aanue nguo," na haikuwa sauti yako. Ilikuwa sauti ya Maganga akiwa wewe, pale uani Kinole. Nikasimama kwenye mvua na shuka mkononi. Yale maneno ya dirisha na nguo sikuwahi kumwambia mimi. Aliyatoa wapi kama si kwako?

Asubuhi yake nikaenda. Vijana wanakoroga zege la kibaraza, wakanipa shikamoo, nikaitikia, nikapita moja kwa moja mpaka chumbani. Maganga akanifuata. Nikamuuliza kule Kinole, akiwa na koti la mume wangu, alisimama wapi na alisema nini. Akatazama chini. Akasema, "Shemeji, ule ulikuwa utani."

Nikamwambia, "Na huu ni nini?"

Nikasikia vijana nje wameacha koleo. Maganga akaketi juu ya ndoo, mtu mzima yule, akaniambia. Dirisha uliliagiza, tena mara nyingi. Upepo hukuutaja hata siku moja. Lakini aliporudi kutoka Kinole alianza kupanga ule ukuta, akapanga tu, kozi juu ya kozi, akili haipo. "Nilikuwa namsubiri," akasema. "Kila jioni nasema sasa hivi atakuja, ataniuliza we Mnyamwezi dirisha umelila? Hakuja mtu kunitukana, shemeji. Nashtuka lenta imeshamwagwa." Akaona aibu kuniambia mimi mjane kwamba amesahau jambo moja la marehemu. Ndipo akakubandikia wewe maneno mdomoni.

Nilikwenda pale na maneno makali nimeyapanga njia nzima. Mengine usingeyataka kuyasikia. Lakini nilimtazama amekaa kwenye ile ndoo, vumbi la saruji kwenye nyusi, nikaelewa kwamba huyu naye tangu matanga hajalia. Aliliza na kuchekesha wenzake, akavua koti, akarudi kazini. Na mimi muda wote namwita fundi, namwita shemeji, namtumia salamu za adabu kupitia kwa wifi, wakati na mimi Mluguru, kwetu Matombo, utani na watu wake ninao kama ulivyokuwa nao wewe. Tulimwacha na ukuta wake, anajengea watu wenye heshima.

Basi nikavuta pumzi. Nikapeleka mkono mmoja nyuma, nikalaza kichwa upande. Nikamwambia, "We Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo, hakuna ramani, hakupotea. Wewe umepotea kwenye ukuta mmoja?"

Alinitazama kama ameona jini. Kisha akacheka, na kicheko kikamfanyia kama kilivyonifanyia mimi Kinole. Alilia pale kwenye ndoo, kwa sauti, sikumzuia wala sikumbembeleza. Alipomaliza alifuta uso kwa kofia, akasimama, akasema, "Mluguru, toka humu ndani usije ukaangukiwa na tofali ukasema nimekuroga." Akachukua nyundo na tindo.

Lenta haikuguswa, dirisha limekaa chini yake vizuri. Amelifanya pana kuliko lile la sebuleni, na siku zile za kuvunja na kupanga upya hakudai chochote, wala sikumkumbusha. Mwanahawa nilimweleza yote. Akauliza kama na ile stoo ndogo ni uongo. Nikamwambia stoo tumeisamehe.

Nimeweka sharti moja kiwanjani: hakuna tena kukusemea. Mwenye neno aseme la kwake. Kila jioni nikishafunika cherehani napitia pale, naanza kwa mbali kama wewe, namuuliza kama hiyo plasta ameipaka kwa mwiko au kwa ugali. Anafoka, anarudia. Matusi yangu bado hayajafikia yako, anasema yana adabu mno, lakini kazi inakwenda. Nakuahidi nitaendelea mpaka mlango wa mwisho utundikwe, na siku ya kuhamia yeye ndiye atakayekula wa kwanza, kisha nitamwambia amekula kama mbeba mizigo.

Hii barua nakuandikia chumbani kwetu, nimekaa kwenye mfuko wa saruji, dirisha halina bado kioo wala grili. Kitanda nitakiweka pale pale ulipotaka. Ulale salama, Baba Zuhura. Nisingependa kukata maneno, ila kuna wingu limejitokeza juu ya mlima, upande wa kwenu. Lile jeusi chini, jeupe juu, unalijua mwenyewe.

Nimeliona. Naenda kuanua.

Mkeo,
Mama Zuhura