Mkono Ambao Sikupewa

Mpendwa mwenzangu wa kitanda cha juu,

Najua barua zinazoingia chuoni hapo hufunguliwa kwanza ofisini kwa Mkuu. Basi hii nimeiacha wazi makusudi, wasipate taabu ya kuichana. Atakayeisoma kabla yako ajue kwamba nilikupenda, Konso, si kama dada wa bweni moja, bali kama watu wanavyopendana mpaka wakatamani nyumba yao. Nawe ulinipenda.

Unakumbuka Jumamosi tulivyokuwa tukifua ziwani, tunaanika mashuka juu ya mawe, kisha unakaa chini mbele yangu nikusuke? Ulikuwa hutulii. "Unanivuta kwa hasira," ulisema siku moja, na kweli nilikuwa nayo, kwa sababu Rebeka wa sauti ya pili alikuwa amekuwekea kiti pembeni yake, kwaya nzima ikaona. Ulicheka sana. "Wewe utaionea wivu hata sabuni." Niliionea.

Halafu mlezi wa bweni akatukuta kitandani kwangu, tumekumbatiana, neti imeshushwa mchana. Wewe uliitwa ofisini. Baba yako, mzee wa kanisa, alivuka na pantoni kutoka Sengerema kuja kukuombea, wakakupa njia: utubu mbele ya ibada, urudishwe kundini, uendelee na masomo. Mimi sikuitwa popote. Nililetewa barua ya kufukuzwa nikiwa jikoni, zamu yangu ya kuchambua maharage.

Mama yangu alitoka Buswelu kwa miguu tukaenda naye ofisi ya elimu mjini. Bwana tuliyemkuta huko alikuwa na adabu, alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. "Mama, chuo cha serikali hakimfukuzi mwanafunzi kabla hajasikilizwa. Lakini hiki ni cha kanisa. Wao wameruhusiwa kufuata imani yao." Miaka hiyo vyuo vya dini na vya watu binafsi vilikuwa vinafunguliwa kila upande, kila kimoja na kanuni zake.

"Kwani imani yao haina masikio?" mama aliuliza.

Yule bwana alitusindikiza mpaka mlangoni. Mama hakuelewa sawasawa kilichonitoa chuoni, na sikuwa na ujasiri wa kumweleza, ila alielewa kwamba binti yake hakuulizwa hata neno moja. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumapili yake nilikuja kuchukua godoro na sanduku. Nikasimama nje ya dirisha la kanisa la chuo. Ulikuwa mbele, umevaa sketi yako ya bluu, umemaliza kutubu, na watu wamepanga mstari kukupa mkono wa kukupokea. Konso, nilimwonea wivu kila mmoja wao. Mkuu alikupa mkono. Wapishi walikupa mkono. Mvulana aliyekuwa akikuita mshamba tangu mwaka wa kwanza, naye alikupa. Rebeka alivyokung'ang'ania, utadhani mkono huo kauokota njiani na mwenyewe hajulikani!

Sikuweza kuvumilia. Niliacha godoro pale pale, nikaingia, nikasimama mwisho wa mstari. Mzee mmoja akanishika bega. "Wewe si wa humu tena." Uliniona. Ulifuta kiganja chako kwenye sketi, taratibu, ukaanza kuuinua mkono, kisha ukautazama mstari na kuushusha. Nikatolewa nje.

Sasa nakata minofu ya sangara kiwandani, kutwa mikono iko kwenye barafu. Nimepanga chumba Mirongo. Sijambo, kama unataka kujua. Nilisikia unafundisha hapo hapo chuoni, na umeolewa na mwalimu wa hesabu. Huyo simwonei wivu sana, maana watu wanasema anakoroma. Ninaowaonea wivu ni wanafunzi wako. Wanakuita kila saa, nawe unaitika.

Juzi nilikutana na Rebeka sokoni akinunua samaki, akaniambia wewe ndiye mlezi wa bweni sasa. Akaniambia pia habari za binti wa mwaka wa pili aliyekutwa na mwenzake kama tulivyokutwa sisi. Mwenzake amekubali kutubu, yeye hajaitwa, na barua yake inangoja sahihi yako. Jioni, eti, anakuja kwako kusaidia kuchambua mchele, nawe humfukuzi. Ingepasa nimhurumie tu mtoto wa watu. Nilimhurumia, lakini kwanza nilimwonea wivu: yeye anakaa karibu yako, na bado kuna muda wa wewe kumwuliza.

Basi muulize. Kanuni haiwalazimishi, najua, lakini haiwakatazi pia. Usiitie sahihi barua ile kabla hajasema lake, hata likiwa ni lile ambalo Mkuu hataki kulisikia. Akisema anampenda yule mwenzake, wewe angalau unajua hasemi uongo.

Na wakikushinda, mkamfukuza, siku hiyo ya mstari usimwache dirishani. Toka nje umpe mkono. Ukifuta kiganja kwanza, mwambie kwa nini unakifuta, kama ni jasho au ni yeye. Mimi hukuniambia, na mpaka leo, nikitoa mikono kwenye barafu, ndilo jambo ninalojiuliza.

Kaa salama, Konso. Rebeka usimsalimie.

Ni mimi,
wa kitanda cha chini