Neno "rival" na maji ya Mama Atu

Ijumaa, wiki ya pili ya Aprili. Chimala.

Joto la leo halina adabu. Mvua imekata, hii ni wiki ya tatu, na mimi niliyezaliwa Kihesa nikalelewa na baridi ya Iringa bado sijazoea. Nimekaa sakafuni kwa sababu sementi ina ubaridi kidogo. Nina jambo la kuandika na nimelizunguka tangu Jumanne.

Mnaosoma blogu hii mnaujua ugonjwa wangu: maneno ya Kiingereza na yalikotoka. Nafundisha watu wazima Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa, mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri. Ninao wauza mchele, fundi wa malori, dada wa mapokezi wa gesti moja ya barabarani, na wakulima wenzangu wa skimu ya umwagiliaji. Sarufi inawachosha, kwa hiyo kila Jumanne nawapa asili ya maneno machache wapumzike.

Jumanne hii nilianza na "muscle". Nikawaambia kwamba Warumi wa zamani waliuona msuli ukicheza chini ya ngozi, wakauita kipanya. Fundi akakunja mkono, kipanya kikapita, darasa zima likacheka. Nikaja kwenye "nice", kwamba karne nyingi nyuma ukimwita mtu hivyo umemwita mjinga. Dada wa gesti, ambaye humtakia kila mgeni "nice stay", akasema ndiyo maana wengine wanaondoka na taulo. "Clue" nikawaambia lilikuwa donge la uzi, la kumwonyesha mtu njia ya kutoka mahali alipopotea. Nilikuwa nimenoga kwelikweli.

Kisha nikaandika "rival".

Nilieleza kwa mbwembwe. Leo ni mpinzani, nikasema, lakini kule kwenye Kilatini lilianza kama jina la mtu mnayetumia naye kijito kimoja. Kwa watu wa skimu halikuhitaji maelezo zaidi. Mama Atu, jirani yangu wa shamba, aliyenizidi miaka kama kumi na tano, alikuwa mstari wa mbele na kitambaa cheusi cha msiba wa mama mkwe wake. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi kuzika Tukuyu.

"Basi mwalimu, mimi na wewe ni rivals. Mfereji wetu si mmoja?"

Wote wakacheka. Mimi nikageukia ubao, nikalifuta neno kabla hawajamaliza kulinakili.

Maji ya Mama Atu niliyaiba mimi.

Hapa kwetu ukifiwa, jirani anakufungulia zamu yako ya maji. Haiandikwi popote, inafanyika tu. Siku ya mazishi, wiki mbili zilizopita, zamu yangu ilikuwa asubuhi na yake ilianza saa sita mchana. Alinipigia akiwa msibani, nikamwambia asiwaze, nitamfungulia. Saa sita ilipofika majaruba yangu mawili ya chini yalikuwa bado makavu, na mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke. Nikajiambia saa moja tu. Saa moja ile ilikwenda mpaka jioni. Alipouliza kwa ujumbe nikamjibu, "Tayari Mama Atu, yanaingia."

Alirudi akakuta udongo umepasuka. Kwa kuwa aliniamini, akadhani nilifungua na kuna mtu alifunga baadaye. Lawama ikamwendea Mzee Lutengano, mgawa maji wetu, kwamba amewauzia maji wakulima wa chini ya mfereji. Kesho saa mbili asubuhi kamati ya maji inakaa kumwondoa. Mzee hana shamba. Anaishi kwa mpunga ambao kila mkulima humpimia baada ya mavuno. Nasikia alipoambiwa hakubishana sana, aliuliza tu nani atamwonyesha atakayemrithi banio la mfereji linalovuja.

Naona aibu. Najua neno lilitoka wapi miaka elfu mbili iliyopita, na wiki mbili nzima nimeshindwa kusema maji yalikwenda wapi.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Atu. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakataa kiti, nikasema yote nimesimama. Nilitaja pia majaruba yangu makavu, na hilo najutia. Hakuacha kupepeta. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alimaliza ungo ule, akaumimina kwenye ndoo, ndipo akaniangalia.

"Kesho utayasema haya mbele ya watu, au umekuja tuyamalize hapa, mimi na wewe?"

Mungu ananiona, hilo la pili ndilo lililonipeleka. Nilitaka anisamehe, akaongee na kamati, mzee abaki na kazi yake na mimi nibaki mwalimu. Niliaga nikaondoka.

Adhabu naijua, ni kukosa zamu mbili. Mpunga ukikosa maji kipindi hiki unatoa makapi. Na sijui Jumanne nani atakuja kunisikiliza. Mama yangu, nilipompigia Kihesa mchana, aliuliza kama siwezi kuongea na mwenyekiti wa kamati pembeni. Ninaweza kabisa, ni mtu tunayeheshimiana.

Sitafanya hivyo.

Nimeandika nitakachosema. Mwanzo kilijaa ukurasa. Nikafuta joto, nikafuta masuke, nikafuta "saa moja tu", nikafuta "naomba mnielewe". Hiyo ya mwisho niliifuta mara mbili, maana niliirudisha. Kilichobaki ni hiki: "Mzee Lutengano hakufunga maji ya Mama Atu. Mimi sikuyafungua, nikamdanganya kwamba nimeyafungua. Adhabu ni yangu."

Nimekisoma kwa sauti hapa sakafuni mpaka nikakishika bila kuangalia karatasi. Kesho nitafika mapema, wajumbe hawajaingia. Nitakaa benchi moja na Mzee Lutengano, nimwambie yeye kwanza.