Damu Kwenye Bampa la Bwana Shamba

Mama Tausi,

Ukirudi kutoka kisimani, maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa usiyafulie. Ya kisima yaliacha madoa meupe kwenye Landrova ya Bwana Shamba, nikaisuuza upya kwa ya mvua. Nilipofika kwenye bampa nikakuta damu, na kipande cha khanga kimenasa. Jana aliendesha mwenyewe kwenda Goweko, kuwahimiza watu wahamie kijiji cha ujamaa. Asubuhi hii alipopita nikamuuliza. Akasema, "Wewe osha tu, Lukumani. Lisibaki doa."

Bampa sijaliosha. Khanga ninayo, na funguo za gari ninazo. Nakwenda polisi.

Akirudi kuichukua Landrova, ~~mwambie nimekwenda sokoni~~ asiwakute. Wachukue watoto mwende kwa shangazi yao kule Chemchem, hata kama uji haujaiva.

Baba Tausi