Kitu Nisichoweza Kusoma Hakiingii Jikoni Kwangu

Jumamosi jioni. Baridi ya kuuma masikio. Mvua ya mawe imepita mchana ikanyoa chai yangu yote upande wa chini, na bado niko na furaha. Shajara, pokea hiyo kwanza: niko na furaha, na mikono yangu inanuka moshi na kitunguu.

Kwa wale wanaosoma hapa mara ya kwanza, mimi ni Baba Chebet wa huku Kapsoit. Shule niliachia darasa la saba, si kwa ujinga, ni vile mwalimu aliona nimeanza kumsahihisha. Hii blogu nilifunguliwa na binti yangu Chebet, aliye Nairobi. Aliniambia, "Baba, badala ya kuhadithia ng'ombe, andika." Basi naandika. Ng'ombe pia hawajakosa kitu, kwa sababu nikimaliza huwa nawasomea.

Nieleze vile tulifika hapa.

Msimu wa mvua uliopita mke wangu, Mama Chebet, alianguka katikati ya majani chai, kikapu bado kiko mgongoni. Presha. Ilimwacha mkono wa kulia umelegea na mdomo umevutwa upande kidogo. Nilimbeba mpaka barabarani nikikimbia, na wenye pikipiki watakwambia walinikuta mbele yao. Hospitali wakampa dawa. Halafu daktari, msichana mdogo wa rika la Chebet, akasema chumvi ipungue, yale mafuta ya kuganda yaishe, na kyubu za supu na vitu vya paketi vitoke kabisa.

"Nyumbani anapika nani?" akauliza.

Nikageuka nione ni nani anaulizwa. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Sasa, kwetu Wakipsigis mwanaume mzima hana kazi jikoni. Anakaa sebuleni, chakula kinamfuata. Nimeishi kwa hii nyumba miaka na miaka bila kujua chumvi inakaa wapi. Siku ya kwanza nilipoingia kushika mwiko, kuku waliokuwa wamelala kando ya moto walisimama wote wakatoka nje kwa mstari, kama watu wameona msiba.

Nilianza na kabati. Nilitoa paketi zote nikaketi nazo mlangoni penye mwanga, nikageuza ya kwanza nisome nyuma. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikapata chumvi, hiyo naijua. Nikapata sukari, hiyo pia tunafahamiana. Baada ya hapo yakaanza kuja majina marefu kama gari moshi, na mengine yalikuwa na herufi na namba nyuma kama lori. Nilisoma mpaka ulimi ukachoka. Na mimi si mtu wa kuchoka ulimi.

Nikaweka hiyo paketi chini nikachukua kiazi. Kiazi nikakisoma mara moja. Managu, mboga ya mnavu, naisoma hata macho yakiwa yamefungwa. Maziwa, namjua mpaka ng'ombe aliyeyatoa, na tabia zake mbaya pia nazijua.

Sheria ikatoka hapo. Kitu nisichoweza kusoma, hakiingii jikoni kwangu.

Zile paketi nilizitupa chooni, na nasikia choo chenyewe kilikaa wiki bila hamu.

Basi nikapika. Wimbi nilifuata mpaka soko la Siongiroi, kwa sababu wimbi ya karibu imechanganywa na mchanga na watu hawasemi. Sagaa, ile mboga chungu ya mgagani, nilifundishwa na jirani yetu Mama Kemunto, aliyetoka upande wa Kisii, na hao kwa sagaa hawana mchezo. Aliniambia niichemshe, nimwage maji ya kwanza, niweke maziwa, niiache kwa chungu ilale, kesho yake uchungu umehama. Maharagwe napika na malenge. Nyama ni ya kuku aliyekimbia kwa huu uwanja nikimwona. Ugali wangu wa wimbi, nikiugeuza, harufu inavuka mto. Kuna mwalimu ng'ambo aliachia darasa mapema akidhani ni saa ya chakula.

Wanaume wa huku hawakuniacha. Wesley, ambaye tulitahiriwa pamoja na kwa hivyo ana ruhusa ya kunitukana, alinipata kwa foleni ya kupima majani chai, watu wamejaa.

"Boiyo, mzee wangu," akasema kwa ile sauti yake ya mnada, "leo umevaa leso gani?"

"Ile ya mke wako. Alinipa nikimpelekea mboga, maskini alikuwa na njaa."

Walicheka mpaka karani wa mizani akasahau kilo. Wesley hakucheka. Lakini jina la Mama Jikoni lilinibaki, na mimi nalibeba. Nimebeba ndama, nimebeba magunia, nimesukuma lori la majani nikalipandisha kilima dereva akiwa bado anatafuta gia. Jina litanishinda?

Kitu kilichokuwa kinanishinda ni kingine, na sijawahi kukiandika hapa.

Mama Chebet hakuwa anakula.

Alikuwa anaonja tu, anasukuma sahani. Hakuingia jikoni tangu aanguke, hata kuchungulia. Alikuwa anakaa mlangoni akiangalia chai, ule mkono ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hospitali walisema lazima autumie, la sivyo utalala kabisa, wakampa mpira mdogo wa kufinya. Aliutupia mbwa. Nikimhadithia hadithi zangu, hata ile ya fisi na baiskeli ambayo ilichekesha padri, anasema tu, "Sawa, Baba Chebet." Presha ilikuwa imeshuka, mimi nasema ni sagaa, yeye anasema ni dawa, na vyote anameza. Lakini mtu anaweza kuwa na presha nzuri na awe amekwenda.

Halafu wiki iliyopita nikasikia ameambia dada yake kwa simu kwamba hapa analishwa nyasi.

Dada yake ni Evaline. Ana duka Sotik mjini, moja la yale maduka kila kitu ndani kinalia kwaru kwaru ukikishika. Akatuma ujumbe: Jumamosi anakuja na gari kumchukua dada yake akakae kwake, apate kula vizuri. Hakuuliza. Aliarifu.

Nilijua nikimwachia aende, atarudi kwa machela au hatarudi. Nikasema sawa, njoo, lakini utakula kwanza.

Nilitaka meza isiyo na kasoro. Na meza ya kwetu bila mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ni kiti bila mguu. Sasa, mursik inataka kibuyu, sotet, na sotet za Mama Chebet zilikuwa zimening'inia ukutani tangu aanguke, zimekauka. Kibuyu kwetu kina mwenyewe. Mwanamke ndiye anayekiosha, ndiye anayekipaka makaa ndani, na mwanaume anakunywa bila kuuliza. Mimi sikuuliza. Nilishusha ile nzuri kuliko zote, yenye kifuniko cha ngozi na shanga alizoshona akiwa msichana. Nikaiosha mpaka ikang'aa ndani na nje, nikapaka makaa, nikajaza maziwa, nikaifunga. Kila nikipita karibu nilikuwa naigonga kidogo, inaniitikia.

Leo Evaline akafika na mvua. Akaingia na katoni ya tambi za paketi, soseji, na ile juisi ya unga ya rangi ya taa za nyuma za gari. "Chamgei, shemeji," akasema, macho yake tayari yako chumba cha kulala.

Niliangalia nilikoona anaangalia. Mfuko wa Mama Chebet ulikuwa mlangoni, umefungwa zipu. Alikuwa ameshapanga. Mimi nikiwa jikoni nachunga moto, yeye alikuwa anapanga nguo kwa mkono mmoja.

Nikapakua hivyo hivyo.

Evaline akabonyeza ugali. "Shemeji, hii ni chakula ama ni ya kukandika nyumba?"

"Ni wimbi. Ndiyo ilikulea ukapata hiyo shingo."

Alikula. Nataka iandikwe. Alisema chumvi haipo, akaongeza sagaa. Akasema kuku ni mgumu, akamaliza paja. Mama Chebet alikuwa anazungusha tonge moja kwa sahani. Nikaona ni wakati wa kuleta silaha kubwa. Nikatikisa sotet vizuri, nikamimina vikombe vitatu, povu likapanda juu. Nikajua hiyo ndiyo mursik ya mwanaume.

Evaline akanywa. Akasimamisha kikombe hewani.

"Shemeji," akasema polepole, "hii maziwa inanuka shati."

Nikaonja. Ilikuwa limau. Ile limau ya sabuni ya vyombo. Mawe ya mvua yalikuwa yanapiga mabati.

Evaline akasimama, akajipangusa mdomo. "Dada, chukua nguo twende. Huyu mtu atakuua, na atakuua ukiwa msafi."

Nyinyi mnanijua. Sikuinamisha kichwa. Nikamwambia hivi: sabuni hiyo nimeiweka mimi, kwa mkono wangu, na jina lake nalijua, ni sabuni. Wewe chukua hiyo katoni yako, geuza nyuma, utuambie umeleta nini na nani alikiweka humo. Soma kwa sauti, ndugu yako asikie. Akaichukua katoni, akaigeuza, akaiangalia. Akairudisha chini akasema hakuja na miwani.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwa ule mfuko.

Mama Chebet alikuwa ameinua kikombe chake. Akanywa kidogo. Nikaona ule mdomo uliovutwa umeanza kutetemeka na mabega yanapanda, nikasema Mungu wangu, imerudi. Nikaruka kumshika.

Alikuwa anacheka.

Alicheka mpaka machozi yakamwagika. Sijasikia hiyo sauti tangu aanguke, na nilikuwa nimesahau kwamba anachekea puani.

"Uliosha sotet na sabuni," akasema.

"Kidogo."

"Na maji ya moto?"

"Ya moto kabisa. Kwa usafi."

"Na makaa ulipaka ya mti gani?"

Nikafikiria. "Ule mweusi."

Aliniangalia vile mtu anaangalia ndama aliyeingia kanisani. Halafu akamgeukia dada yake. "Evaline, sitaweza kuja. Kuna sotet zingine pale ukutani. Nikienda Sotik huyu ataziosha zote."

Evaline akaanza kusema mambo ya dawa na kitanda kizuri na runinga. Hakusikizwa. Mama Chebet alikuwa ameshainuka, ameshika meza, ameshika mlango, ameshika ukuta, akaingia jikoni. Jikoni kwake. Alisimama akaangalia sufuria zangu zilivyokaa, na midomo yake ikasema kitu ambacho sitaandika.

Akatoa ile sosiot kwa ukuta, kijiti cha mkindu tunachosugulia kibuyu. Alikitoa kwa mkono wa kushoto. Halafu akakihamishia kwa wa kulia.

Vidole vilifunga polepole, kama mlango wenye kutu. Alikishika kifundo cha mkono huo kwa ule mzima, akakisukuma kijiti ndani ya kibuyu, akasugua. Kikaanguka. Nikainama kukiokota.

"Wacha," akasema.

Akakiokota mwenyewe. Kikaanguka tena, akakiokota tena, huku ananieleza kwa hasira vile povu la sabuni linaharibu kibuyu, na kwamba hiki huenda hakitapona lakini atajaribu. Mimi nilisimama nikitukanwa, na nilipenda kila neno. Evaline alikuwa mlangoni na katoni yake, hajui aiweke wapi. Mwishowe aliirudisha kwa gari. Nikamfungia sagaa kwa gazeti, nikamwambia akifika akavae miwani asome nyuma ya hiyo katoni, na akielewa yote anipigie simu.

Hajapiga.

Mfuko umefunguliwa. Mama Chebet amekula ugali usiku huu ukiwa umepoa, akisema haukuiva katikati. Ameniambia pia sagaa naikata kubwa kama ya ng'ombe na kuku nilimtoa kwa moto mapema. Yote nimepokea. Mtu anayelalamikia mpishi ni mtu anayepanga kula kesho.

Najua Wesley ataipata hii ya sabuni. Evaline hawezi kuinyamazia, na kutoka Sotik mpaka hapa habari haihitaji nauli. Watasema Mama Jikoni anawanywesha watu limau. Waseme. Nitapika kesho, nitapika Krismasi, nitapika siku Chebet akileta mchumba, na wakwe wakitaka kyubu watakuja nazo mfukoni na watakulia nje kwa mvua.

Kesho nimetumwa. Mama Chebet anataka matawi ya senetwet, ule mti wa maua ya njano ulio kule mtoni, kwa sababu makaa ya sotet hutoka kwa huo na si kwa mwingine wowote, hata uwe mweusi namna gani. Itakuwa baada ya ibada, Wesley na wenzake wakiwa wamekaa mbele ya duka kama kawaida yao. Kuna njia ya nyuma, ya kupitia kwa chai, hakuna anayeniona.

Nitapita mbele ya duka, panga begani. Wakiniuliza naenda wapi nitasimama, nitawaangalia mmoja mmoja, na nitawajibu bila kupunguza sauti: naenda jikoni.