Toleo la Majaribio Limetoka, Kaka Hosea

Kaka Hosea,

Sikuulizi hali. Mzaha wa namna hiyo uliuweza wewe tu. Naanza na habari uliyoisubiri kuliko mvua: toleo la majaribio limetoka. Ni Jumanne ya wiki mbili zilizopita, mchana, nikiwa dukani nadurufu vyeti vya watu, simu ikaanza kulia kwenye kundi letu. Tulikuwa wanne, sasa tumebaki watatu: mimi na steshenari yangu hapa Lushoto, mwinjilisti wa Gare, na nesi wa Mombo ambaye hukuwahi kumwona kwa macho ila mligombana kila siku. Nesi aliandika "Limeshuka!" kama kawaida yake. Kisha kimya. Anayefuata kuandika huwa ni wewe.

Watu hawakutuelewa. Mkeo, ninayemwita wifi kwa kuwa wewe nakuita kaka, alikuwa akiuliza ni watu wazima gani hawa wanaohesabu siku kwa ajili ya mfumo wa kompyuta, tena wa majaribio, ambao wenyewe wanaoutengeneza wanaonya kwamba utasumbua. Ukamjibu kwamba wengine wanasubiri mechi ya watani wa jadi, na timu zao nazo zinasumbua. Kwamba watu wasiojuana wanajitolea kutengeneza mfumo wa bure, nao unawaka kwenye kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya mtu, hilo lilikufurahisha kupita kiasi. Toleo lililopita tulilishusha pamoja pale dukani. Ukungu umefunga mji mzima, mtandao unajivuta, wewe umekalia ndoo ya rangi unamaliza mapeasi yangu na kuniambia nisiguse kitu.

Safari hii tulikuwa na zaidi ya furaha. Zile kompyuta kumi na mbili za darasa la Gare, ulizoziokota moja moja ukazifufua, haziupokei mfumo mpya. Ukiuweka tu, kioo kinakuwa cheusi. Na mfumo wa zamani unaachwa. Tayari kurasa za kuombea vyuo zimeanza kugoma kufunguka, na vijana wa Gare wanashuka mpaka Mombo kwenda kujaza fomu. Ndiyo maana ulikaa miezi ukiandika marekebisho. Wale watu wa mfumo wakakuambia uyatume kabla toleo la majaribio halijatoka, kwa kuwa likishatoka hawapokei tena kitu kipya. Ukatuandikia kundini: "Yamekwisha. Bado kutuma tu." Nesi akasema siku hiyo atapika pilau.

Halafu ukafa, Kaka Hosea.

Tulikuzika Jumamosi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Marekebisho yalikuwa kwenye kompyuta yako, kompyuta ilikuwa chumbani kwako, na chumba kilifungwa. Mila unaijua kuliko mimi: vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae, matanga yaanuliwe, ndipo vigawanywe. Na ukoo haukai bila baba yako mkubwa, aliyekuwa amerudi Kwamkoro kwenye kazi yake ya shamba la chai na hana ruhusa nyingine mpaka mwezi uishe. Ufunguo wifi alikuwa nao, kaufunga kwenye pindo la khanga. Hata neno la siri ulimwachia. Lakini kufungua hakuthubutu, na simlaumu. Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu alilia, nikaacha.

Nikampigia baba mkubwa mwenyewe. Nilimwamkia, akaitika, tukaenda vizuri kwa Kishambaa. Nilipotaja kompyuta tu, akahamia Kiswahili, nikajua mambo yameharibika. Nilimweleza kwamba siitaki kompyuta, nataka kunakili faili moja, hata mzee wa kanisa asimame pembeni anitazame. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, udongo haujakauka, mnataka kumpekua?"

Nikasema si kumpekua, baba, ni kazi yake, ina tarehe.

"Tarehe ya nani? Aliyeiweka alikuja kuzika?"

Hebu niambie, wewe ungemjibu nini?

Niliwaandikia wale watu wa mfumo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikasema mwenzetu amefariki, kazi yake ipo lakini imefungiwa, tunaomba mtusubiri kidogo. Walinipa pole nyingi, na nadhani walimaanisha, lakini wakasema ratiba ni ya watu wengi. Mwinjilisti alikuwa akituma mstari wa Biblia kila asubuhi. Mimi nilikuwa namchukia baba yako mkubwa, nakuambia ukweli. Kila nikipita kwako nilitazama lile dirisha. Kompyuta naijua ilipo, hatua nne kutoka ukutani, na siwezi kitu.

Ndipo likatoka. Mwinjilisti akalijaribu kwenye kompyuta moja ya Gare, labda Mungu atatushangaza. Alinitumia picha, nyeusi tupu. Nilidhani picha haijafunguka vizuri, nikamwambia aitume tena. Akaandika, "Imefunguka, dada. Ndivyo ilivyo."

Jumamosi iliyopita ukoo ulikaa. Waligawa koti lako, saa, jembe, Biblia. Mwisho baba mkubwa akainyanyua kompyuta kwa mikono miwili na kunikabidhi mbele ya watu wote. "Hii uliitaka," akasema. "Sasa unaipokea kwa halali." Hakusema kwa ubaya. Nilimshukuru, na niliona haya kwa yote niliyomwazia.

Niliifungua palepale, wifi akaninong'oneza neno la siri. Faili nikalipata bila shida. Nikasoma kutoka juu, taratibu, kama ulivyonifundisha.

Hayakuwa yamekwisha, Kaka Hosea. Yanafika katikati, yanakatika. Chini umeandika kwa Kiswahili: "Hapa ndipo pagumu. Nimweleze Neema." Jina langu, basi. Uliyahifadhi mara ya mwisho siku moja kabla ya kwenda hospitali. Kumbe ulitudanganya sote ili tusikate tamaa, au ili usikate tamaa wewe. Nilitaka nikukasirikie. Sikuweza, kwa sababu kuna jambo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika, na wewe unalijua.

Asubuhi ile ulipita dukani ukielekea kupanda basi la Mombo. Ulivaa sweta mbili na bado ulikuwa unatetemeka, na kompyuta umeikumbatia. Ukasema, "Neema, kaa nayo hii. Nikiwa hospitali nitakupigia, tutaipitia kidogo kidogo." Nami nikakukemea mbele ya wateja. "Acha kujichuria! Irudishe nyumbani, utaikuta." Niliogopa. Kupokea kitu cha mgonjwa kutoka mkononi mwake niliona ni kukubali kwamba harudi. Ndivyo nilivyolelewa, na wewe pia. Ukacheka kidogo. Ukageuka nayo, ukapanda tena kile kilima na pumzi huna, ukaiweka chumbani, ukashuka upya. Basi karibu likuache.

Ulikaa hospitali siku kumi na saba, na sauti unayo. Kila jioni ulinipigia. Uliuliza kama baridi imepungua, kama kabichi zangu zimefunga, kama mashine ya fotokopi bado inatafuna karatasi. Kompyuta hukuitaja tena. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikajiambia afadhali, ameacha mawazo mabaya.

Kwa hiyo baba mkubwa hakutunyima kitu. Alifungia nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyokuwa kichwani mwako, uliniletea wewe mwenyewe, kwa miguu yako, nikakurudisha nayo.

Nimewatumia wale watu ile nusu iliyopo. Jana mmoja wao aliniuliza kwa adabu kabisa: hapa mwenzenu alikusudia nini? Nikakaa mbele ya mstari wako wa mwisho mpaka chai ikapoa. Nikamjibu kwamba sijui. Na kweli sijui, kaka yangu. Nimeupindua kila upande. Darasa la Gare limefungwa wiki hii, mwinjilisti amezifunika kompyuta zote kwa shuka.

Siwezi kukuahidi kwamba nitayamaliza. Nilikuahidi utaikuta, ukaona ahadi zangu zilivyo. Naahidi kile ninachokiweza: mtu akinijia tena na kitu mkononi, akasema kaa nacho nikueleze, nitafunga duka, nitampa kiti, nitapokea. Watu wakisema nimemchuria, waseme.

Pumzika, Kaka Hosea. Wifi tunamtazama, hilo usiwe na wasiwasi. Ila jioni simu ikilia, bado nashtuka, na siku hizi nashika kalamu kwanza kabla sijapokea.

Dada yako,
Neema