Salamu Ziwe Mwisho

Nyumbani, 14 Januari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na yale mafua uliyokuwa nayo ulipopiga simu yamekwisha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Baba anasema dada yake siku hizi ni mkubwa wa watu, asimsahau.

Kiti cha magurudumu mlichonitengenezea hapo karakanani kimefika. Ni kizuri sana. Rangi yake nzuri, mto wake laini, na chuma chake kinang'aa hata najiona uso. Darasani wote walitaka kukigusa. Rafiki yangu anayenisukuma kila asubuhi, yule tunayemwita Injini, alikizunguka akasema, "Sasa nimepata gari la kufaa cheo changu."

Kuna habari moja si njema. Baba yake Injini amehamishwa kikazi, na muhula ukiisha wataondoka. Njia ya shuleni unaijua: lami hadi kwenye kona, kisha kokoto, kisha kimlima mpaka langoni. Mama huingia kazini alfajiri, na Baba hurudi kutoka zamu ya usiku nikiwa nimeshaondoka. Nimewasikia wakinong'ona kwamba Injini akiondoka, labda nisomee nyumbani. Natamani sana niweze kwenda peke yangu. Ila sikuandikii kulalamika, nakuandikia kushukuru.

Mwalimu ametupa insha kuhusu kiongozi anayetuvutia. Nimekuchagua wewe. Unawaongozaje mafundi waliokuzidi umri bila kuwafokea?

Mwanao.


Karakana, 29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yameniacha, yamehamia kwa mchoraji wetu. Mwambie baba yako ukubwa wangu ni wa kubeba lawama tu.

Unauliza nawaongozaje. Zamani hapa mchoraji alichora chumbani kwake, akampa fundi, fundi akampa mshonaji, na mambo yakiharibika kila mmoja alimnyoshea kidole aliyemtangulia. Mwenye kukikalia kiti alikiona mwisho kabisa. Nilichofanya ni kuwaweka wote meza moja. Kila asubuhi tunasimama kidogo mbele ya ubao wenye karatasi za njano, kila karatasi kazi moja, na mimi nauliza: nini kinakuzuia? Kisha naenda kukiondoa. Siku nyingine kizuizi ni chuma hakijaletwa. Siku nyingine kizuizi ni mimi mwenyewe. Na kila wiki mbili tunamwonyesha mtu tulichofanya, hata kama hakijaiva. Hekima yangu yote ndiyo hiyo, usiiongezee chumvi kwenye insha.

Barua yako tumeibandika ukutani. Fundi wetu wa kuchomelea, Mzee Cheche, aliisoma akasema, "Huyu mtoto kalelewa vizuri mno. Hatatusaidia." Nilimkemea kwa macho. Lakini nakuuliza: kinakupendeza kweli? Nakutumia cha pili, chenye mgongo mrefu zaidi.

Shangazi yako.


Nyumbani, 16 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mpe mchoraji pole ya mafua. Hapa tu wazima. Mama anaumwa kiuno kidogo, ila anasema kiuno cha kazini hakihesabiwi. Mzee Cheche hajambo? Nilicheka maneno yake, ingawa sikuyaelewa vizuri.

Kiti cha pili kinapendeza kuliko cha kwanza, na mgongo wake umenikaa sawasawa. Sijaona pa kukitia ila. Mama alinifundisha tangu mdogo kwamba kitu cha kupewa hakikaguliwi, unakipokea kwa mikono miwili. Na kweli mikono yangu imekuwa hodari. Najizoeza kwenye kokoto huku Injini akitembea pembeni. Huwa navaa soksi nene mikononi. Mama amenitafutia jozi mbili, moja ikianikwa nyingine inavaliwa. Tukikwama, Injini anainua kiti kwa mbele na tunapita. Ana mbinu nyingi. Nitamkosa.

Insha ilinipa alama nzuri. Sasa hata kwenye kikundi chetu cha usafi nawauliza wenzangu nini kinawazuia. Mmoja alijibu, "Uvivu." Huo sijui nauondoaje.

Mwanao.


Karakana, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya changu. Hujambo? Kiuno cha mama yako je? Sisi wazima, ila moto ulituwakia.

Mkurugenzi wetu alipenda sana barua yako ya kwanza. Alileta wageni, akawasomea pale ukutani, kisha akaniambia, "Mtumiaji ameridhika. Tengenezeni viti hamsini vya watoto." Nilikuwa karibu kukubali, maana nani anakataa sifa? Wiki hiyohiyo ikafika barua yako ya pili. Tukaisoma mezani, nami nikapita haraka kwenye mistari ya njia. Mshonaji akanyanyua mkono. "Rudi nyuma. Hizo soksi ni za nini?"

Nilisoma tena. Mzee Cheche alitoka, akamwaga kokoto nyuma ya karakana, akachukua kiti pacha wa hicho chako, akakikalia. Ni mfupi, kilimtosha. Alipofika katikati magurudumu ya mbele yalizama, naye akapinduka chali kama kombamwiko. Hatukuthubutu kucheka mpaka alipocheka yeye. Tulijaribu sote kwa zamu. Hakuna aliyefika ng'ambo, na mchoraji alitoka malengelenge viganjani.

Nikaenda kwa mkurugenzi kumwambia vile viti hamsini havitoki. "Lakini mtoto mwenyewe kavisifu," alisema. Nikamjibu kwamba mtoto ana adabu, kokoto hazina. Hakufurahi. Ametupa hadi muhula wenu mpya utakapofunguliwa. Tukishindwa, kila mtu atarudi chumbani kwake kama zamani na meza yetu itavunjwa.

Wewe huna kosa hata chembe. Nilikuuliza kama kinakupendeza, na mtoto aliyefunzwa atajibu nini? Mama yako alisema kweli, zawadi haikaguliwi. Lakini sikukutumia zawadi, mwanangu. Nilikutumia kazi yetu, na kazi hukaguliwa. Barua ijayo anza na ubaya. Salamu ziwe mwisho, haziozi.

Tena timu nzima inataka kukusikia. Jumatatu jioni, mama yako akirudi, piga kwa simu yake uingie kwenye kikao chetu cha kusimama; siku hiyo tutakisogeza.

Shangazi yako.


Nyumbani, 2 Aprili

Shangazi,

Magurudumu ya mbele ni membamba, yanazama. Pete za kusukumia, zile ninazoshika pembeni mwa magurudumu makubwa, ni chuma kitupu. Asubuhi ni za baridi, mchana zinateleza kwa jasho, na ngozi inachubuka. Kwenye kimlima, nikiachia tu nishike upya, kiti kinarudi nyuma. Pa kuwekea miguu panagonga mawe. Na mto ni laini mno. Unanizamisha mpaka mabega yanapanda na pete siifikii vizuri. Ni ule mto niliousifu mwanzoni.

Kuandika maneno hayo kumenichukua jioni nzima. Nilimwonyesha Mama kwanza. Alisoma, akasema, "Hujamtukana mtu. Peleka."

Halafu ile simu ya Jumatatu. Nilipouliza kwa utani mimi nitasimamaje kwenye kikao cha kusimama, nilisikia vitu vikiburutwa sakafuni. Mshonaji akasema, "Tumekaa. Endelea." Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza uongozi, lakini sauti ile ya viti imenifunza zaidi.

Shikamoo. Kiuno cha Mama kimepata nafuu. Mpe pole Mzee Cheche kwa kuanguka.

Mwanao.


Karakana, 19 Aprili

Mwanangu,

Naanza na ubaya na mimi. Mpira tuliofunika nao pete ulibanduka mara mbili. Mshonaji na Mzee Cheche hawakusemezana siku nzima kwa sababu ya mto, Mzee akitaka mgumu, mshonaji akiona kazi yake imedharauliwa. Niliwaacha wagombane. Barua yako ilikuwa mezani kati yao, na ndiyo iliyowaamua. Mto mpya aliukata mshonaji mwenyewe, kwa mkono wake.

Kiti kipya kinakuja na gari la kesho. Mkurugenzi anangoja neno kabla ya kusaini vile hamsini. Neno lako, si langu.

Hamjambo wote? Injini asafiri salama.

Shangazi yako.


Nyumbani, 5 Mei

Shangazi,

Breki ya kushoto inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mtaa mzima unajua nimefika kwenye kona. Mvua ikinyesha, tope linaruka hadi kwenye sketi. Mpira wa pete ya kulia umeanza kunyanyuka ukingoni, mwambie Mzee Cheche auangalie. Mfuko wa vitabu mmeuweka nyuma, na siufikii bila kumwomba mtu.

Kuna jambo jingine, ambalo sijui kama linafaa kuandikwa kwenye karatasi ya njano. Leo muhula umefunguliwa na Injini yuko mbali. Nilitoka mapema nikidhani kokoto zitanichelewesha. Nilipofika juu ya kimlima, lango la shule lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi alikuja na funguo akipiga miayo, akachungulia nyuma yangu akitafuta mtu.

"Nani kakuleta?"

Nikamwonyesha viganja vyangu, vimejaa vumbi, bila soksi.

Mwambie mkurugenzi asisaini mpaka breki inyamaze.

Sasa salamu. Shikamoo, Shangazi. Hamjambo hapo mezani?

Mwanao, na mkaguzi wenu.